Vitabu Kumi na Vitatu vya Fundi Gundi

Wiki hii umetimia mwaka, Baba, tangu ulipovua miwani, ukaiweka juu ya kitabu ulichokuwa ukikishona mgongo, ukasema unajinyoosha kidogo. Hukuamka.

Miaka thelathini ulikarabati vitabu katika chumba cha nyuma cha maktaba, na watu wakakuita Fundi Gundi. Hata siku za harusi ulikuwa na gundi kwenye kucha. Ulikuwa mpole, lakini moyo wako haukutulia, kwa sababu ya kile kikaratasi cha tarehe za kuazima kilichobandikwa ndani ya kila jalada. Kitabu kisichogongwa muhuri mwaka mzima kiliondolewa rafuni, kikauzwa kwa kilo.

“Si kwamba ni kibaya,” ulikuwa ukituambia mezani. “Hakijapata mtu wake tu.”

Basi vile kumi na vitatu vilivyokuwa hatarini ukaviorodhesha, ukatugeuza sisi kuwa watu wao, tukiviazima kwa zamu kila mwaka. Dada yako ulimwazimisha kile cha mpima mvua aliyekosana na majirani wote. Mkweo, dereva ambaye alizoea kusoma vibao vya barabarani tu, ulimpa historia nzima ya vifungo vya nguo. Jioni ulimuuliza kimeishaje. Akajibu, “Vizuri tu, Baba, walioana.” Ulicheka hadi ukapaliwa na chai. Kwa aibu alirudi akakisoma kweli, na leo hapiti mbele ya shati bila kutoa maelezo.

Mkeo ndiye pekee ambaye hakuchukua hata kimoja. Alisema macho yake yameajiriwa na cherehani.

Ulipoondoka, hakuna hata mmoja wetu aliyetia mguu maktaba. Tusamehe. Hatukuweza kupita mbele ya kile chumba cha nyuma. Ijumaa iliyopita asubuhi, mwenzako wa mapokezi akampigia mkeo simu.

“Shemeji, leo wanasafisha rafu. Vile vya Gundi karibu vyote havijagongwa muhuri tangu atutoke. Wameshaanza kufunga maboksi.”

Mkeo aliacha sindano ndani ya kitambaa cha mteja. Orodha yako ya vitabu kumi na vitatu ilikuwa bado imebandikwa nyuma ya mlango wa kabati. Aliibandua kwa pupa, kona ikachanika. Alimpigia dada yako, akampigia mkweo, akawakuta kwenye ngazi za maktaba wote wakihema. Binti yako, aliye mbali kikazi, alikuwa akipiga simu kila baada ya dakika tano. “Mmevipata? Mbona mko kimya?”

Rafu yako ilikuwa tupu. Mkeo alipiga magoti sakafuni, akafungua boksi moja baada ya jingine, akisoma majina kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Vilipatikana kumi. Viwili, kimoja cha mashairi na kimoja cha mkunga aliyeandika kila alichosikia mlangoni, gari lilikuwa limeshavibeba. Tulimsikia mkeo akisema taratibu, “Nimechelewa, baba watoto. Nimechelewa.”

Kadi moja huruhusu vitabu vitatu. Mkeo akajiandikisha papo hapo, kwa mara ya kwanza maishani, lakini watu watatu ni vitabu tisa. Mwenzako akakitazama cha kumi, akatoa kadi yake mwenyewe.

“Nimekigonga muhuri miaka yote,” akasema. “Sijawahi kukifungua.”

Bado kimoja hakikuonekana, kile cha mwalimu wa hesabu aliyepoteza uwezo wa kusikia. Hakikuwa rafuni wala kwenye maboksi. Mkeo alishika ukingo wa meza.

“Nacho kimeuzwa?”

“Hapana. Kimeazimwa.”

“Na nani kati yetu?”

“Si wa kwenu, shemeji. Mtu tu. Alisimama pale rafuni akisoma mpaka tukafunga.”

Mkeo alikaa kwenye kiti. Kisha wasiwasi ukamrudia. “Amekirudisha?”

“Bado. Amepitisha tarehe kwa siku kumi na mbili. Nimtumie ujumbe?”

“Mwache,” mkeo akasema. “Huenda anasoma polepole.”

Yeye mwenyewe amefika ukurasa wa arobaini wa kitabu cha mpima mvua. Anatukatiza kazi zetu kutuuliza kama yule bwana atapatana na majirani. Dada yako anajua, ila hasemi. Tuna hofu ya mwakani, Baba, na mwaka wa kufuatia. Vile viwili vilivyobebwa na gari vinatuuma.

Wanaokukumbuka: mkeo mpendwa, binti yako na mumewe, dada yako, na mwenzako wa mapokezi aliyeomba aandikwe hapa pamoja na ndugu. Siku zote utatajwa katika nyumba hii.