Mkono Ambao Hukuuinua

Mwalimu Faustin,

Nimekukasirikia. Wengine wakikuandikia wataanza na pumzika kwa amani. Mimi nitafika huko nikimaliza, kama nitafika.

Mkeo aliniletea suti yako ya mazoezi, ile ya buluu, niipunguze mabega na kiuno ili mwanenu mkubwa aivae. Nikaigeuza ndani nje, nikapekua mifuko kama tufanyavyo mafundi kabla ya kukata kitu, na kwenye mfuko wa ndani nikakuta karatasi ya hospitali iliyokunjwa mara nne. Ni ya miezi mitatu kabla hujafa. Daktari ameandika kwamba moyo wako ni mgonjwa, ameandika usikimbie, na hapo chini akapiga mstari mara mbili. Nilikaa na mkasi mkononi mpaka mteja akaniuliza kama nimefunga duka.

Nilimpelekea mkeo. Aliisoma amesimama mlangoni, akaikunja vilevile ulivyoikunja wewe, akasema, "Mimi aliniambia iko gesi tu." Gesi, Mwalimu. Mwanamke wa watu amekunyima maharage miezi mitatu kwa ajili ya gesi.

Ngoja nikukumbushe mafundisho yako, maana inaonekana uliyasahau. Nilikuja shuleni kwako Gikondo kupima watoto viuno vya kaptula, mimi fundi cherehani wa Nyakabanda ambaye mbio zangu zote zilikuwa za kuwahi basi. Ukaniambia siwezi kushona kaptula ya mkimbiaji bila kujua inachubua wapi. Miaka minne baadaye bado nilikuwa nyuma ya mstari wako kila Jumamosi, nakusanya waliochoka.

Uliwaambia watoto wale wa shule ya msingi kwamba mbio ndefu haziendi kwa miguu, zinaenda kwa mdomo. Wakimbie wawili wawili, kila mmoja amsimulie mwenzake alichokula jana. Anayeshindwa kumaliza sentensi ainue mkono, na mkono ukiinuka sote tutembee mpaka nguzo ya umeme inayofuata, bila kumcheka wala kumuuliza. Walipotaka kufyatuka kama waliofukuzwa na mbwa ulikuwa unawaambia, "Buhoro, buhoro, polepole. Mlima hauna miguu, utatungoja." Hatua ziwe fupi kwenye mwinuko. Vidole vilegee, kama mtu aliyeshika sambusa ya moto. Nilikuwa nacheka, lakini hata mimi nilikimbia hivyo, na sikuchoka.

Sasa niambie, wewe sentensi zako ziliisha lini?

Nimekaa nikikumbuka. Miezi ile ya mwisho hukusimulia tena ulichokula. Ulikuwa unauliza tu. "Na wewe, Keza?" "Halafu?" Neno moja, maneno mawili, kisha unapuliza firimbi. Na mimi huko nyuma nikajisemea, tazama Mwalimu anavyozeeka vizuri, siku hizi amejifunza kusikiliza. Mjinga mimi. Anayeuliza hana sentensi ya kumaliza. Wewe ndiye uliyetunga kanuni ile, kwa hiyo ulijua mahali pa kujificha ndani yake. Nina hasira nawe, na nina hasira na masikio yangu.

Jumamosi ile tulikuwa tumeshapita gereji, tunapanda kuelekea kanisani. Ukachuchumaa kando ya nguzo. Watoto wakadhani unafunga kamba za viatu. Na kwa kuwa uliwafundisha kwamba anayeongoza hapitwi, walisimama kwenye mstari wao, wawili wawili, wakakusubiri. Walikusubiri, Mwalimu. Mpaka nilipofika mimi kutoka nyuma na kukuta watoto ishirini wamesimama kwa adabu mbele ya mtu anayekufa.

Hilo siwezi kukusamehe. Labda siku nyingine, leo hapana.

Baada ya mazishi wazazi waliitwa shuleni. Wengi walitaka mbio zife nawe. Baba mmoja aliuliza, "Kama zimeua mwalimu mwenyewe, zitaacha mtoto?" Mkuu wa shule akaniangalia. Nikasimama, mimi nisiyejua hata kushika chaki, nikawaapia kwamba hakuna mtoto atakayeumia kwa sababu watoto hawa wana mkono. Akichoka atauinua, na tutatembea. Wakanipa muhula mmoja wa kunitazama. Walirudi watoto kumi na mmoja tu.

Jumamosi ya tatu Keza alikimbia mpaka midomo ikageuka rangi ya jivu. Yuko darasa la tano, unamjua, yule asiyenyamaza. Siku hiyo alikuwa amenyamaza, na mimi kwa mara ya pili sikutambua. Miguu ikamkunjika, nikamdaka kwa ukosi wa fulana kabla hajaanguka kwenye mawe. Alipopata pumzi nikamuuliza kwa nini hakuinua mkono. Akanitazama kama mtu anayeulizwa jambo la wazi. "Mwalimu naye hakuinua."

Miaka minne uliwafundisha jambo moja, ukalifuta kwa asubuhi moja.

Nilikuwa na uongo mzuri tayari mdomoni. Ningesema ulikufa ghafla, hukujua, hukupata nafasi. Ungebaki mzuri kwenye vichwa vyao, na mimi ningelala. Shangazi yangu nilipomweleza alisema, "Mficha maradhi, kilio humfichua," lakini kilio chako hakikufichua kitu, Mwalimu. Kilichofichua ni mfuko tu. Kama nisingepokea suti ile, watoto hawa wangeamini kwamba shujaa hufa bila kusema, na mmoja wao angekufuata.

Nikarudi kwa mkeo kuomba ruhusa. Alikuwa anachambua maharage. Akanipa karatasi, akasema, "Waambie. Mimi nimechoka na gesi."

Niliwakalisha kwenye nyasi nyuma ya madarasa, nikawasomea. Nikawaambia Mwalimu alijua. Mwalimu alipaswa kuinua mkono, na sisi tungetembea naye, hata kama ni kutembea mpaka leo. Nikawaambia Mwalimu alikosea. Keza alinikasirikia, akang'oa nyasi, hakunitazama. Mdogo mmoja akauliza ulikuwa unaogopa nini. Nafikiri uliogopa kwamba tungekimbia bila wewe. Na kweli, tungekimbia. Ungekaa pale getini na firimbi yako, utupigie kelele tukirudi, na ungekuwa hai.

Jana tulipanda mlima ule ule kwa mara ya kwanza tangu ufe. Niliongoza mimi. Nilikuwa namsimulia Keza nilichokula juzi, ndizi na maharage, na tulipofikia nguzo yako sentensi ikanikatikia. Miguu ilikuwa na nguvu bado, ni kilio kilichonijia. Nikainua mkono. Hakuna aliyecheka wala kuuliza. Tulitembea sote mpaka nguzo inayofuata, tukaanza tena buhoro, na karibu na kanisa Keza akainua wa kwake. Tukatembea tena. Tulichelewa kurudi na mama mmoja alikuwa ameshaanza kututafuta.

Nakuahidi hivi: nitawafundisha kila ulichonifundisha, hatua, pumzi, hata sambusa. Na kila Jumamosi kabla ya kuanza, mtoto ataniuliza mimi nilikula nini, na nitajibu sentensi nzima wakinisikia. Siku nitakayoshindwa wataiona kwa macho yao.

Suti nimeimaliza. Imemkaa mwanao vizuri mabegani, na ameniambia anataka kukimbia nasi. Ule mfuko wa ndani nimeushona ukafungwa, mishono miwili kwa uzi mnene, ili asipate pa kuweka karatasi.

Kwaheri, Mwalimu. Huko uliko tembea sasa, taratibu, hakuna atakayekucheka.

Ni mimi,
Hadija, fundi wako wa kaptula