Kulungu wa Mita Mia Nne

Mjukuu wangu Idrisa,

Natumaini Alberta hamjaganda kwa baridi. Hapa Scarborough mama yako bado anakohoa, ila anapika. Najua unacheka kuniita bibi wakati nimekuzidi miaka sita tu, lakini marehemu babu yako alikuwa kaka yangu, kwa hiyo nisikilize.

Umeuliza, kati ya zile risasi mbili za ukubwa wa wastani, nzito na nyepesi, ipi itakufaa Jumamosi kwa kulungu aliye mbali. Nami zamani nilizijaribu zote mbili kwenye uwanja wa shabaha, nikilenga karatasi mita mia nne. Nzito ilishuka mno. Nyepesi ilinyooka, ingawa upepo uliisukuma. Nikachagua nyepesi.

Tulipokwenda kuwinda porini, babu yako alinitania, "Msomi, karatasi haikimbii. Tusogee."

Sikusogea. Nilisema Bismillahi, nikapiga. Kulungu alianguka, akainuka. Tulifuata damu kwenye theluji saa tatu nzima, tukamkuta hai, taya limening'inia, akijaribu kulamba theluji.

Babu yako akanipa kisu. "Chinja wewe. Mimi sikupiga."

Nilichinja, ila sikumaliza kwa mkato mmoja.

Ile nzito isingeniokoa. Kwa umbali ule zote mbili zinafika zimechoka. Zinatoboa karatasi, mnyama zinamtesa. Jumamosi sogea mpaka mita mia moja. Akikimbia, mwache, urudi mikono mitupu. Nakuomba, Idrisa, kwa sababu sijaweza kumwambia mtu yeyote jinsi kulungu yule alivyonitazama.

Bibi yako,
Salma