Batumwa Babili ba ku Mwata

Nchelenge, Siku ya Mungu, Oktoba 1974

Bado niko na hasira. Hata kula bukari kumenishinda.

Mwalimu wetu, yeye njo anatusomeaka Biblia ku kanisa, anafundisha batoto eti muzungu njo alikuwa wa kwanza kukata Afrika toka bahari moja mpaka ingine. Leo, mbele ya ibada kuanza, nikamuuliza: na bale batu beusi babili? Balitoka Angola na miguu, bakakaa myaka mingi ku Mwata, mufalme wa huku, pale ku ziwa Mofwe, kisha bakafika mpaka Tete, mu Msumbiji. Muzungu wake alikuwa hajazaliwa! Nkambo yangu, muzee wetu, alituambiaka ile habari.

Akacheka. "Mama, bale balikuwa batumwa tu. Bwana yao njo alibatuma. Batumwa habahesabiwe."

Habahesabiwe! Na ile miguu ilikuwa ya nani?

Lakini pale pale kengele ikalia, mbele ya kumujibu. Njo kinachoniuma.

Tukaingia. Akafungua Biblia, akasoma na sauti kubwa: Matendo ya Mitume.

Mitume! Batu benye Bwana yao alibatuma, na miguu, mpaka inchi za mbali. Bale anabahesabuka bote kumi na babili, na majina.