Hoja ya Milembe

Msowero, Kilosa

Dada yangu Rehema,

Shikamoo. Mgongo unasemaje siku hizi? Na shemeji, kifua kimetulia? Huku mimi ni mzima, nimenona hata lango la shule naliona jembamba.

Dada, huyu mdogo wako aliyeishia darasa la saba sasa ni mwalimu. Usicheke! Niliajiriwa kulinda lango, lakini mwalimu wa Kiswahili alipochukua likizo ya uzazi, mkuu wa shule akaniambia, "Mzee Athumani, mdomo unao, wasimamie vijana mdahalo." Nikawafundisha kuandika hoja zenye meno. Nikawasimulia yule simba wa Mikumi aliyenizibia njia nikiwa na baiskeli: nilimpa sababu tatu za kutonila, akainamisha kichwa, akapita zake.

Kanuni yangu ni moja: kila mtu atetee upande asioupenda. Ndipo Milembe, binti wa wafugaji waliotoka Shinyanga, akapangiwa kuandika kwa nini wafugaji waondoke hapa kijijini. Dada, aliandika! Alianza na mjane amesimama anatazama ng'ombe wakimaliza mpunga wake. Mimi mwenyewe nikampigia makofi.

Kumbe kuna aliyeipiga picha hoja yake kwa simu. Sasa imeenea kijiji kizima, na chini yake wameongeza: "Hata mtoto wao anakiri." Kesho itasomwa kwenye mkutano wa kijiji, halafu waamue kama wafugaji wafukuzwe.

Jana baba yake alikuja langoni na fimbo yake. Hakunisalimia.

"Ni wewe uliyemfundisha mwanangu maneno haya?"

Nikasema lilikuwa zoezi tu. Akawatazama watu waliokuwa wakipita njiani.

"Na hao wanajua ni zoezi?"

Milembe ameshaandika upande wa pili, mkali kuliko ule wa kwanza. Kesho atausoma, nami nitasimama ubavuni mwake. Leo ameniuliza, "Mwalimu, na kama wameshaamua kabla sijafungua mdomo?" Nikacheka kwa nguvu, unanijua. Lakini mpunga ulishavunwa zamani, dada, na tangu asubuhi kila nyumba wananoa mapanga.

Nisalimie shemeji na mama mkwe wako. Mpwa wangu fundi cherehani mwambie mjomba wake ni mwalimu. Na mniombee.

Yule simba, dada, alikuwa mmoja tu. Tena alikuwa ameshiba.

Mdogo wako,
Athumani