Herufi za Sisimizi

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni nyinyi, hasa huo mgongo wako wa kuinamia saa za watu kutwa nzima. Mama hajambo? Niombee msamaha kwake, barua hii nayo hataiweza kuisoma. Mkono wangu uliufunza wewe: herufi za sisimizi, za wenye macho kama yetu tu.

Baba, naomba baraka zako. Tarehe ishirini na sita nafanyiwa upasuaji wa macho kwa leza. Usishtuke. Hapa kazini, kwa dobi, mvuke haukatiki, na miwani ikishika ukungu natembea kwa kupapasa. Mwezi uliopita nilishika bamba la pasi nikidhani ni shuka. Kiganja kimeshapona.

Daktari kapima unene wa kioo cha mbele cha jicho, kasema unatosha. Nitatiwa matone ya ganzi, sindano hakuna, na mwanga wenyewe haufiki dakika moja kwa kila jicho. Ila hakunificha: kwa miaka yangu arobaini na tatu, mbali nitaona, kusoma nitahitaji miwani. Ile yetu ya kuvua miwani na kuhesabu meno ya gurudumu la saa ndiyo basi tena.

Kuna jambo jingine. Siku niliyoondoka, miaka tisa sasa, basi lilipopita mbele ya duka niligeuka dirishani nikutazame. Miwani ilikuwa imelowa machozi. Sikukuona, Baba. Siku nikirudi nataka nikuone tangu mbali.

Bintiyo,
Miwani


15 Februari

Miwani wangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Mgongo unalalamika, lakini nani anausikiliza. Mama yako kaigeuza barua yako juu chini, kauliza sisi wawili tunamficha nini.

Sitazunguka mbuyu. Usifanye. Nilikuficha kwamba mikono yangu imeanza kutetemeka. Juzi skrubu iliniruka, nikaitafuta sakafuni kwa magoti mpaka adhuhuri. Kiti chako bado kiko kando ya changu, sijamkalisha mtu. Nilikuwa nangoja useme mwenyewe kwamba unarudi.

Macho haya ya karibu ndiyo riziki yetu. Babu yako alikuwa nayo, mimi ninayo, wewe unayo. Ukishayachonga, nani atashika kazi? Rudi, mwanangu. Huku mvuke ni wa birika tu.

Babako,
Fundi Saa


12 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mnaendeleaje? Mimi nimepona, na naandika kwa kubahatisha, kwa hiyo mistari ikipanda kilima usinicheke.

Niliwekewa kibanio kope zisifumbe. Jicho likakandamizwa, giza likaingia sekunde chache. Kisha wakaniambia nikodolee kitaa cha kijani. Kulikuwa na harufu ya nywele zinazoungua, maumivu sikuyasikia. Kazi ikaja baadaye: macho yaliniwasha kama nimemenya gunia zima la vitunguu. Nikalala na vikinga vya plastiki, marufuku kufikicha, marufuku maji ya bomba machoni. Matone natia mpaka leo, maana yanakauka, na jioni kila taa ina pete yake.

Lakini asubuhi yake, Baba, niliisoma saa ya kliniki nikiwa bado mlangoni. Iko nyuma dakika nne. Ungeitengeneza.

Barua yako ilifika siku ileile ya upasuaji, nimeshafungwa vikinga. Mwenzangu wa chumbani alijaribu kunisomea akashindwa, akauliza kama baba yangu huwaajiri sisimizi. Nikisogeza karatasi puani kama zamani, inafifia. Nikiipeleka mbali, herufi hazionekani. Daktari kasema miwani ya kusomea ningoje macho yatulie. Basi nalala nayo chini ya mto. Najua ni baraka zako zile nilizoomba. Ahsante sana, Baba. Zimenisindikiza.

Bintiyo,
aliyekuwa Miwani


2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Leo nimepewa miwani ya kusomea. Nimesoma.

Kwa nini hukusema mikono inatetemeka? Miaka yote hiyo nakuuliza mgongo, unanijibu mgongo. Ningejua ningerudi na mvuke wangu na ukungu wangu. Sasa nimebaki mtu wa kuona mbali, na meza yako inataka mtu wa karibu. Nalia, na machozi yenyewe siruhusiwi kuyapangusa.

Nijibu, hata neno moja.

Bintiyo


21 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa barua mbili nilizokalia kimya. Sisi wazima. Naandika herufi kubwa ili usome bila kuhangaika, na mkono wenyewe umeshukuru, kutetemeka hakuonekani sana. Mama yako kanisimamia begani, na zile za zamani nimemsomea zote. Kashika kiuno, kasema kumbe miaka tisa hakuna siri yoyote, ni migongo tu.

Uliponishukuru kwa baraka ambazo sikuzitoa, kalamu ilinishinda. Nikaona aibu. Sasa nakupa, zimechelewa, zipokee hivyo hivyo.

Na nikwambie kitu. Mafundi saa wengi wana macho mazima. Wanabana lenzi ya kukuzia jichoni na kazi inakwenda. Ninayo moja kwenye droo tangu hujazaliwa, sikuwahi kukuonyesha. Nilikufunza kwamba kazi hii ni ya macho yetu peke yake kwa sababu nilitaka uwe na sababu ya kukaa karibu yangu. Nilijificha nyuma ya macho, mwanangu. Niliyekuwa namtaka ni wewe. Nina hamu nawe mpaka naongea na kiti.

Kazi ukiitaka ipo. Usipoitaka, njoo ukae tu. Kiti nimekigeuza kitazame mlango, kwa mtu wa kuona mbali.

Siku ile uliyoondoka nilikupungia mpaka basi likakata kona, na lilipokata nikaendelea. Kwa hiyo ukija usikimbilie ndani. Simama kwanza pale konani, bila miwani, uangalie mlangoni.

Baba yako