Waya wa Marobota Katika Kasha la Fyuzi

Kota za Shamba la Mkonge,
Korogwe.

Mke wangu Mama Zuhura,

Assalaam alaikum. Niwie radhi kwa kimya changu kirefu. Barua zako zimenifikia, lakini ndani yake umeniuliza jambo moja tu: lini uje na wajukuu kutoka Sindeni. Jibu lake sinalo bado. Je, goti lako limepoa? Mahindi yameshika?

Nyumba niliyopewa ni nzuri, ina umeme, nami siiamini. Tunaigawana na fundi cherehani, Bwana Mhando. Kasha la fyuzi ni moja, nalo liko ukutani kwangu, kwa nje. Hapo awali taa zilikuwa zikizimika kila jioni. Kisha ghafla zikaacha kuzimika. Wengine walifurahi. Mimi niliingiwa na shaka, nikalifungua kasha. Kwenye kifuniko pameandikwa ampea tano, kwa kuwa hiyo ni njia ya taa na nyaya zake ni nyembamba. Ndani, mahali pa waya wa fyuzi, nilikuta kipande cha waya mnene wa kufungia marobota ya mkonge. Ukuta ulikuwa na joto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Nilimwuliza Mhando. Akacheka.

"Mzee Karani, si nimekuokoa na giza? Ule haukatiki mpaka Kiyama!"

"Ndiyo maana nauogopa," nikamwambia. "Fyuzi huwekwa ili ikatike. Isipokatika, zitaungua nyaya zilizo darini, juu ya vichwa vya watoto."

"Watoto gani? Si wako Sindeni!"

Nilinunua waya wa fyuzi wa ampea tano, nikaufunga. Jioni ile ile ukakatika. Nilikwenda upande wa Mhando, nikaona pasi yake imeunganishwa kwenye tundu la taa. Pasi hutaka njia yake yenyewe, yenye nyaya nene na fyuzi ya ampea kumi na tano. Njia hiyo hatuna. Kesho yake niliporudi kutoka kazini, waya wa marobota ulikuwa umerudishwa kashani.

Nikaung'oa, nikaupeleka kwa balozi wa nyumba kumi.

"Ndugu Karani," akasema, "umeme ni mali yetu sote. Huwezi kutuzimia."

"Na nyumba ikiungua, Ndugu Balozi, majivu nayo tutagawana?"

Waliokuwapo walicheka, yeye hakucheka. Nilimtazama vizuri. Mikono ya shati lake ilikuwa imenyooka kama imepigwa rula, naye nyumbani kwake hana pasi. Kwa hiyo sitarajii mengi kutoka kwenye kikao alichokiitisha kuamua jambo hili, kitakachofanyika Ijumaa baada ya swala.

Usifunge mizigo, hata akija mtu kukuambia kwamba nyumba i tayari. Mpe mama yangu shikamoo yangu. Msalimie mdogo wangu anayechunga mbuzi, na dada yako mkunga.

Kikao kikikubali fyuzi ya ampea tano, na pasi itafutiwe njia yake, nitakuandikia siku ya kuja. Kikikataa, nitakuandikia kuwa nimehama.

Mumeo,
Baba Zuhura