Pijo Lako Lina Namba Mpya

Baba Shija,

Huko uliko sikusalimii, maana neno lako la mwisho kwangu lilikuwa "tafuta kadi." Nimeipata. Kaa vizuri.

Pijo lako limesajiliwa upya. Lina namba mpya, taa zote zinawaka, na kuku wametolewa kiti cha nyuma baada ya miaka kumi na tatu. Jumamosi mwanao Shija alilitoa uani, watu wa Gongoni wakasimama barazani kulitazama. Ungekuwepo, kichwa kingevimba mlango usikutoshe.

Unakumbuka lilivyosimama? Kila Ijumaa ulikwenda nalo Igunga, "kuangalia mpunga." Mpunga gani huo, Baba Shija, unaopakwa hina? Misimu minne sikuona hata debe moja likiingia nyumba hii. Nilinyamaza, nikakupigia pasi kanzu ya kwendea. Siku moja nikachukua kadi ya gari na hati ya mauziano, nikazifunga kwenye nailoni, nikazishona katikati ya sufi ya mto wako. Nilijua ninachofanya. Kadi ilikuwa bado na jina la Mwarabu aliyekuuzia, naye alishahamia Oman. Kila mwaka ulisema utabadilisha jina, kila mwaka kesho. Bila karatasi zile hakuna ofisi ambayo ingekusikiliza. Trafiki walipokudai kadi mara ya pili, Pijo likaingia uani likalala.

Ulipekua nyumba mpaka darini, nami nikakushikia tochi! "Mto huu una nini? Unakwaruza," ulisema. Nikakujibu, "Sikio lako limezeeka." Nilikwenda kucheka jikoni mpaka nikashika ukuta. Kupanda basi uliona haya, kule walikujua kwa Pijo. Mpunga wako ukaolewa na mwenye lori. Nikasema haya, nimeshinda. Kumbe ulihamia garini, kuku nyuma wewe mbele: chai mle, redio mle, mazungumzo yako yote na usukani. Mimi niliachiwa kikombe cha kuosha.

Sikukuonea huruma, na leo sikuonei.

Ila ulipomgeukia mdogo wako Maganga, hapo nilipaswa kufungua mdomo. Alikuwa amelala kwetu siku mbili kabla kadi haijapotea, basi ukamwita mwizi mbele ya ukoo mzima. Alilia, mtu mzima yule. Ukaapa kwamba hata ukifa asikanyage kaburi lako. Nilikuwa nimekaa palepale nachambua mchele. Hata ulipokuwa unakata roho nilikuinua kichwa kwa mto uleule, nikafunga domo langu. Walipokuwa wakikuzika, Maganga alisimama ng'ambo ya barabara juani mpaka wakamaliza.

Sasa, ili Pijo lisajiliwe, nikatakiwa karatasi ya mirathi yenye saini ya ndugu yako. Nikaenda kwake, kadi mkononi.

"Karibu, shemeji," akanivutia kigoda. Nikamwambia yote, mto na mpunga. Akaigeuza kadi, akaigeuza tena.

"Kwa hiyo amekufa anajua ni mimi."

"Ndiyo, shemeji."

Akasaini. Akataka jambo moja tu: nirudie maneno yale mbele ya ukoo. Nikarudia. Dada zako walinitemea mate, na sikujifuta.

Ndiyo maana Jumamosi safari ya kwanza ya Pijo haikuwa sokoni. Tulimpitia Maganga. Shija alimfungulia mlango wa mbele, akakataa, akakaa nyuma na magoti kifuani. Makaburini alishuka peke yake, nasi tukamfuata kwa mbali. Akasimama upande wa miguu yako, akaweka mikono nyuma kama mtoto.

"Shikamoo, kaka."

Kisha akangoja. Wallahi, Baba Shija, mtu yule alingoja. Marahaba ile ilikuwa yako, na mimi ndiye niliyemnyima.

Sikuombi msamaha wewe, tumelipana. Wa kumwomba ni yeye. Nimemwomba mara tatu, na kila mara ananijibu, "Kanywe chai, shemeji."

Mkeo,
Mama Shija